Mbaazi Zenye Maua ya Buluu

"Weka chini hiyo sufuria."

"Siweki."

"Eedo, nakuomba. Weka chini."

"Kwa nini? Hii jikoni ni yako? Gesi umelipa wewe?"

"Hizo mbaazi zisiingie motoni leo."

"Leo zisiingie, kesho zisiingie, zitaingia lini? Nimengoja miaka mitatu, Dekow. Mtoto anazaliwa, anaota meno, anajifunza kutukana watu, mimi bado nangoja mbaazi. Hebu toka hapo mlangoni, unaniziba hewa."

Sikutoka. Nilikuwa nimekimbia kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani kwake Saltley, shati limenishika mgongoni. Julai ile ya 2006 mnaikumbuka wenyewe, lami ilikuwa inanata kwa viatu. Shangazi yangu Muslimo, ambaye sisi tunamwita eedo kwa Kisomali, alikuwa amesimama mbele ya meko. Kitunguu na nyanya zimekatwa, samli imeanza kuyeyuka kwa kikaango, na ndani ya sufuria aliyoshika kulikuwa na punje za kijani, ndogo ndogo, zimeoshwa vizuri. Maganda matupu yalikuwa yamejaa gazeti zima pale mezani.

"Punje zenyewe ndogo," nikasema. "Ziangalie. Hazijakomaa."

"Ni baridi ya hapa imezidumaza. Hata wewe ulidumaa hapa, mbona tunakula na wewe?" Akacheka peke yake. Alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo ilikuwa inaniua. "Nimemwambia Deeqa asile kitu mchana. Akitoka kazini Selly Oak anapanda treni, saa kumi na mbili yuko hapa. Yeye ndiye wa kwanza kula. Mbaazi za bibi yake, ziende mpaka kwa yule aliye tumboni."

Deeqa ni binti yake. Mimba ilikuwa ya miezi sita.

Wacha niseme sasa, maana pale jikoni sikusema: zile hazikuwa mbaazi. Na mimi ndiye nilijua.

Ilianza mwaka 2003. Nilienda Kenya mwezi wa pili, mara ya kwanza tangu tuondoke kwenda Uholanzi nikiwa mtoto, kabla tuhamie hapa kwa Waingereza. Bibi yangu, ayeeyo, alikuwa bado yuko Machakos nyuma ya duka lake. Siku ya kuondoka akanipa kitambaa kimefungwa fundo. "Hizi ni mbaazi zangu mwenyewe, za shamba langu. Mpe Muslimo. Mwambie apande, mtoto asikae nchi ya watu akila vitu vya mkebe." Mtoto! Eedo alikuwa na miaka hamsini.

Nikazileta. Eedo alikuwa ndiyo kwanza amepewa kishamba na kaunsili ya mji, kile kipande wanachokodisha watu walime mboga, na kibanda cha mbao ndani yake. Akanusa kile kitambaa kama mtu ananusa kichwa cha mtoto. Halafu akanirudishia. "Huko nje bado baridi. Peleka kwa Kalasinga wako, ana nyumba ya vioo. Zikiota nitazipanda mwenyewe."

Kalasinga wangu ni Gurnam, mzee wa Kisumu, anatengeneza bustani za wenye majumba makubwa kule Moseley. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na tano, kukaa chini siwezi, na kazi zote nilizoshika kabla ya ile niliondoka au niliondolewa. Kwa Gurnam nilikaa kwa sababu huko hakuna kiti. Nikapanda zile mbaazi kwa vikopo, ishirini na tatu, zikaota zote. Vijani vitatu vitatu. Hata mimi nilikuwa naenda kuziangalia kabla ya kuvua koti.

Halafu Jumamosi moja mwezi wa nne, kukawa na jua. Nikazitoa nje zipate hewa, maana Gurnam alisema mche uzoee upepo, na nikaambiwa nizirudishe ndani jioni. Nikaenda kucheza pool Alum Rock. Nikashinda mechi nne mfululizo. Mbaazi sikuzikumbuka mpaka Jumatatu asubuhi, nikazikuta zimelala, nyeusi, kama mboga iliyochemshwa ikasahaulika. Baridi moja tu. Mbaazi haijui baridi.

Na pale ndani, kwa meza ya katikati, Gurnam alikuwa na miche yake mingine ya mteja mmoja wa Moseley. Vijani vitatu vitatu. Urefu ule ule. Nikachukua minne, nikampelekea Eedo.

"Nne tu?"

"Hizi ndizo zilibaki."

"Basi hizi ndizo ngumu," akasema, akazipanda kwa mikono yake.

Sikufikiria hata dakika mbili. Mimi niko hivyo, nikiona shimo naziba na kitu cha karibu. Nilijiambia zitakufa, ataomba zingine, yataisha. Hazikufa. Mwezi wa kumi na moja aliyekufa ni ayeeyo, na Eedo hakuweza kwenda kuzika, karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado Croydon kwa watu wa uhamiaji. Ile miche nayo ikanyauka, ikakauka yote, akakaa siku mbili hasemi na mtu. Halafu mwezi wa nne mwaka uliofuata vikatoka ardhini vichipukizi vinene, vya rangi kama ya zambarau, vinene kama kidole. Akanipigia simu analia. "Dekow, zimerudi. Mama hajaondoka kabisa."

Sasa hapo unaanzia wapi kumwambia mtu?

Toka siku hiyo akawa anaisalimia. Naapa. Anafungua kibanda, anatoa chupa ya chai, anaenda pale kwanza. "Mama, umeamkaje?" Halafu ndiyo anamwagia sukuma wiki maji.

Mwaka huo wa 2006, mwezi wa tano, zikatoa maua. Ya buluu. Mashada marefu yamesimama wima, buluu kabisa kama jezi za Blues, timu ya mpira ya hapa. Jirani yake wa shamba, Makungu, Mkongo wa Uvira, mshabiki wa Villa, mahasimu wa Blues, mpaka mifupa, akaja akasimama mpakani. "Maman Muslimo, hii mmea yako iko ya Blues. Ng'oa." Eedo akacheka mpaka akakaa kwa ndoo. Yeye hakujua ua la mbaazi lina rangi gani. Alikuwa mtoto wa duka, mbaazi alizijua zikiwa ndani ya debe na ndani ya sahani. "Huku kila kitu kinabadilika," akasema. "Hata ua limechukua uraia." Mimi nikacheka pamoja nao. Ua la mbaazi ni la manjano, mimi nililiona kwa ayeeyo kwa macho yangu.

Lakini nilikuwa naamini ni ua tu. Ua halimdhuru mtu. Mpaka asubuhi ile akapiga simu. "Mbaazi zimejaa! Nimechuma beseni. Jioni uje."

Wakati huo nilikuwa Moseley na Gurnam, tena kwenye bustani ile ile ambayo miche ile iliandaliwa kwa ajili yake. Ilikuwa pale ukutani, imekuwa kichaka, na maganda ya kijani yamefura. Nikamuuliza, "Mzee, hii inaliwa?"

Gurnam akasimamisha mashine. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Wewe? Miaka mitano na mimi hujauliza kitu tu. Hata njia huulizi, tunapotea. Nani anataka kula hii?"

"Hakuna mtu."

"Mimi nauza maua, chakula siuzi. Twende tumuulize mama mwenyewe."

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mzungu mwembamba, anavaa kofia ya majani makavu hata ndani ya nyumba. Alifurahi kuulizwa. Akatuleta mpaka kwa kile kichaka akakishika kama mtu anashika ng'ombe wake.

Huu mmea, akasema, kwao ni Amerika, kwenye zile mbuga za nyasi zisizo na mwisho. Ni wa ukoo wa kunde na maharagwe, ndiyo maana ganda linafanana na mizizi inatia rutuba udongoni. Wenyeji wa kule walikuwa wanauchemsha wanapata rangi ya kutia nguo, buluu kama nili, ingawa si kali kama nili yenyewe. Mzizi walikuwa wanauweka kwa jino linalouma. Maji yake walikunywa wakitaka kusafisha tumbo. Na ganda likikauka linakuwa jeusi, mbegu zinalia ndani, watoto walikuwa wanachezea kama kayamba.

"Kwa hiyo wanakunywa," nikasema. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

"Walikunywa wakitaka kutapika na kuhara," akasema. "Na walikuwa na mtu anayejua kipimo. Sisi hatujui kipimo. Ng'ombe wenyewe wanauacha. Sisemi mtu atakufa kwa kijiko kimoja, lakini chakula si chakula hata kidogo. Watoto wasipewe. Mjamzito ndiyo kabisa, asiutie mdomoni."

Nadhani aliendelea kusema. Mimi mkasi wa ua niliuacha pale pale kwenye nyasi. Nikasikia Gurnam ananiita, "Dekow! Wewe! Nani amekula?" Nikapiga simu kwa Eedo njia nzima na hashiki, simu yake huwa anaifungia kwa kabati akipika, anasema mvuke unaiharibu. Basi mbili.

Ndiyo hivyo nikawa nimesimama pale mlangoni.

"Eedo," nikasema. "Zimepigwa dawa."

Nilitaka kusema ule ukweli. Ndio niliotoka nao Moseley. Lakini mdomo ulipofunguka hicho ndicho kilichotoka.

"Dawa gani?"

"Ya wadudu. Sumu. Mtu amepiga, ikarushwa na upepo. Deeqa asile."

Sufuria akaiweka chini, sasa. Akazima moto. "Nani amepiga?"

"Sijui."

"Upepo umetoka wapi? Upande wa ukuta ni ukuta. Upande wa barabara ni barabara." Akanitazama. "Ni Makungu?"

Nikanyamaza. Ningesema hapana, ni neno moja. Nikanyamaza, na yeye akaufanya ule unyamavu kuwa jibu.

Hakupiga kelele. Alifunika sufuria, akajitupia garbasaar yake, ile shela kubwa, akaibeba sufuria kwapani akatoka. Mimi nyuma. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwake mpaka shambani, unapita duka la vitambaa, unapita gereji, unashuka kwa daraja la reli. Kwa duka nikasema nitamwambia kwa gereji. Kwa gereji kulikuwa na vijana ninaowajua. Kwa daraja treni ikapita.

Makungu alikuwa amekaa juu ya ndoo, anafunga maharagwe yake kwenye miti. Alipotuona akasimama, akavua kofia.

"Maman Muslimo! Leo umekuya mara mbili. Na sufuria? Aksanti, mi nilikuwa na njaa."

Kila siku hapo mchezo ni huo huo. Eedo anafika na chupa ya chai. Makungu hana chai, ana hadithi. Kikombe cha Makungu, cha bati, kina mchoro wa simba wa Villa umefutika nusu, kinaning'inia kwa msumari ndani ya kibanda cha Eedo, na hakuna mtu mwingine anayekunywea. Eedo alipopasuliwa goti mwaka uliotangulia, miezi miwili, huyu ndiye alikuwa anamwagilia kila kitu, na Jumapili anampelekea sukuma nyumbani, anaiacha mlangoni bila kubisha kwa sababu mwenye nyumba ni mwanamke peke yake.

Eedo hakumjibu salamu. Aliingia kibandani, akatoka na kile kikombe. Akakiweka chini, upande wa pili wa ule mstari wa mawe unaogawa mashamba. Upande wa Makungu. Polepole kabisa, hata hakikulia.

Makungu akakiangalia. Halafu akamwangalia yeye. Halafu mimi.

"Nimefanya nini?"

"Umepiga dawa," Eedo akasema.

"Dawa gani?"

"Mbaazi za mama yangu. Miaka mitatu, Makungu. Unajua mimi nazisalimia. Unanisikia kila siku. Kama wadudu wangu wanakusumbua si ungeniambia? Mimi na wewe hatusemezani?"

"Maman, mi sina dawa. Mi natiyaka maji, natiyaka majivu, basi. Kweli ya Mungu. Hata pompi ya dawa sina. Angalia." Akafungua kibanda chake, mlango wote. Kulikuwa na jembe, viti viwili vya plastiki na picha ya timu. "Ingia uangalie."

"Siingii."

"Nani amekuambia?"

Eedo hakunitazama. Aliniheshimu pale, nimelifikiria sana baadaye. Hakunitaja. Akasema tu, "Nimeambiwa."

"Na umeamini."

"Ningefanya nini? Binti yangu ana mimba."

Makungu akainama, akakiokota kikombe. Akakipangusa udongo kwa shati lake, akabaki nacho mkononi kama mtu hajui kitu kinawekwa wapi. Mzee wa miaka sitini na kitu. Akasema kwa sauti ndogo, "Kama ni mimba, iko vizuri ulikuya kuuliza. Lakini si mi."

Na hapo ndiyo nikashindwa. Si kwamba nilikuwa mwema ghafla. Ni kwamba hakukuwa tena na kitu cha karibu cha kuzibia.

"Si yeye," nikasema.

"Wewe nyamaza kwanza," Eedo akasema.

"Hakuna dawa. Hakuna mtu amepiga dawa. Nimedanganya."

"Umedanganya kwa nini?"

"Hizo si mbaazi, Eedo."

Upepo wenyewe haukuwapo. Treni nyingine ikapita, akangoja ipite.

"Sema tena."

"Si mbaazi. Ni maua ya bustani, ya Moseley. Za ayeeyo zilikufa. Nilizitoa nje, nikazisahau, baridi ikazipiga. Zote ishirini na tatu. Nikakuletea hizi kwa sababu majani yanafanana. Sikujua zitatoa maganda. Leo ndiyo nimeambiwa haziliwi, zinatapisha, na mwenye mimba asiziguse kabisa. Nilikimbia kuja. Halafu nikashindwa kusema."

Nilisema yote hivyo, mbio, kama mtu anatupa takataka kabla gari halijaondoka.

Eedo akafunua sufuria. Akaangalia zile punje. Akachukua moja, akaibonyeza na kucha, akanusa.

"Umekula hata moja?" nikamuuliza. "Ulipokuwa unamenya?"

"Sijakula. Nilikuwa namngoja Deeqa." Akafunika. "Mpigie. Mwambie ale huko huko aliko. Asikae na njaa."

Nikampigia. Deeqa akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, akauliza kwani mbaazi zimeungua. Nikasema ndiyo, zimeungua. Eedo akanitazama, na nikajisikia nikidanganya tena. Nikasema, "Hapana. Hazikuungua. Haziliwi, ni makosa yangu, mama yako atakueleza." Nikakata.

Makungu akasema, "Mi niliona yale maua, nikajuwa si mbaazi. Kwetu Uvira iko mingi, ua lake jaune, manjano. Lakini ulikuwa unaisalimiaka. Ningesema nini, Maman?"

"Ungesema," Eedo akasema.

"Ndiyo. Ningesema."

Ile mimea minne ilikuwa pale pale, imejaa afya, majani yake yana ule weupe kidogo kama yamepakwa unga, na maganda aliyoyaacha juu kabisa ambako mkono haukufika. Nyuki hawakuwa tena, maua yalishaisha. Eedo akainyooshea kidevu.

"Inafaa nini basi?"

"Wapi?"

"Huko kwao. Huwezi kuniambia Mungu ameumba kitu chote hicho hakina kazi."

Nikamwambia nilivyoambiwa. Rangi ya nguo. Jino linalouma. Tumbo, kwa mwenye kujua kipimo. Ganda likikauka linalia, watoto wanacheza. Na mizizi inaenda chini sana, inalisha udongo, na ukiuhamisha haupendi.

"Kwa hiyo si kitu kibaya."

"Si kibaya. Hakiliwi tu."

"Na mtu asikiweke mahali pa chakula akasema ni chakula."

"Ndiyo."

"Mwombe Makungu msamaha."

"Mzee Makungu, nisamehe."

"Iko sawa, kijana," Makungu akasema, haraka mno, kama mtu anataka chombo kiondolewe mezani.

"Haiko sawa," Eedo akasema. "Lakini ameomba." Akanyoosha mkono juu ya ule mstari wa mawe. Makungu alichelewa kidogo kuelewa, halafu akampa kikombe. Eedo akakipangusa ndani na ncha ya garbasaar, akakipangusa nje, akaingia nacho kibandani. Nikasikia kinagusa msumari. Alipotoka akasimama mbele yangu, karibu, na nilifikiri atanipiga. Ningefurahi.

"Za mama zilikufa lini?"

"Mwezi wa nne."

"Ule ule mwaka ulipozileta?"

"Ule ule."

"Mwezi wa nne mama alikuwa mzima."

Nikaitazama ile mimea.

"Alikuwa na gunia zima nyuma ya duka, Dekow. Ningempigia simu. Ningemwambia, mama, huyu mjukuu wako ameziua. Angecheka. Ungemsikia anavyocheka. Angekutukana wewe, angekutukana na baba yako, halafu angefunga kitambaa kingine akampa mtu wa kwanza anayepanda ndege." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anamwelekeza mwingine njia. "Lile gunia walilipika kwenye matanga. Niliwauliza kama ilibaki hata ngumi moja. Walisema haikubaki. Nikasema si neno, mimi ninazo huku."

"Eedo..."

"Shika."

Akanipa sufuria. Nikaishika kwa mikono miwili, ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Akajifunga garbasaar vizuri kichwani, akamwambia Makungu kesho ataleta chai mapema kabla ya jua. Halafu akageuka, akapita kando ya ile mimea minne bila kuisemesha, akafungua geti, akaenda zake.